Dini na siasa za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, picha ni zile zile: mgombea kainamisha kichwa, wachungaji wamemzunguka, mikono yao iko mabegani mwake. Kesho yake unasikia wazazi wameishitaki serikali ya jimbo kwa kutaka Amri Kumi zibandikwe madarasani. Msikilizaji wa redio aliyeko Mwanza au Mombasa ana haki ya kuuliza: hawa watu wanaitaka dini au hawaitaki?

Hapa nimekusanya maswali ninayokutana nayo mara nyingi. Jambo moja nalishikilia tangu mwanzo: nguvu ya dini katika siasa za Marekani haitoki kwenye sheria, inatoka kwenye ushirika wa watu wanaokutana kila wiki, wanaochangishana na kujuana kwa majina. Ukilielewa hilo, mengi yanayoonekana kupingana yanakaa sawa.

Je, Marekani ni nchi ya Kikristo?

Kisheria si nchi ya dini yoyote. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haimtaji Mungu, ukiondoa mtindo wa kuandika tarehe uliokuwa wa kawaida zama zile. Kifungu chake cha Sita kinakataza mtu kupimwa kwa dini yake ili apewe wadhifa serikalini. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yakaongeza mambo mawili: Bunge lisiweke dini rasmi, na lisimzuie mtu kufuata dini yake.

Kwa hesabu ya watu, Wakristo bado ndio wengi. Utafiti mkubwa wa kituo cha Pew wa mwaka 2023 na 2024 ulikuta watu wazima 62 katika kila 100 wanajiita Wakristo, 29 hawana dini, na 7 wana dini nyingine. Mwaka 2007 Wakristo walikuwa 78. Bungeni sura ni tofauti kabisa: katika Bunge lililoanza Januari 2025, Wakristo ni kama asilimia 87, na wabunge wanaosema waziwazi kwamba hawana dini unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wapiga kura wamebadilika haraka kuliko wanaowachagua.

Takwimu hizo ni za sensa?

Hapana. Sensa ya Marekani haiulizi dini, na sheria ya mwaka 1976 inakataza mtu kulazimishwa kuitaja. Msomaji wa Tanzania hatashangaa, kwa kuwa sensa zetu nazo ziliacha swali hilo baada ya ile ya 1967. Kenya wao bado wanauliza. Kwa hiyo takwimu za dini za Marekani hutoka kwa vituo vya utafiti kama Pew na Gallup.

Nani hasa alidai dini itenganishwe na serikali?

Wengi hudhani walikuwa watu wasioamini. Waliopiga kelele zaidi walikuwa waumini wa madhehebu madogo, na walikuwa na sababu.

Virginia kabla ya uhuru, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Kila mtu alikatwa kodi ya kulitunza, awe muumini wake au asiwe, na wahubiri wa Kibaptisti waliosimama kuhubiri bila kibali walitiwa ndani. Mwaka 1774 James Madison, akiwa bado kijana, alimwandikia rafiki yake kwa uchungu kwamba wilaya ya jirani ina wahubiri wasiopungua watano au sita gerezani kwa kutangaza imani yao tu. Kijana huyo ndiye baadaye aliyeandaa Marekebisho ya Kwanza. Kabla ya hapo, mwaka 1786, alikuwa ameipitisha katika bunge la Virginia sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson.

Maneno mashuhuri kuhusu ukuta unaotenga kanisa na dola nayo yalizaliwa kwenye malalamiko ya Wabaptisti. Wale wa Danbury, Connecticut, walimwandikia Jefferson akiwa rais, wakisema uhuru wao wa kuabudu katika jimbo lao umekuwa kama hisani ya wakubwa badala ya haki. Jefferson aliwajibu tarehe 1 Januari 1802. Hata hivyo, ukuta huo wakati ule uliibana serikali ya shirikisho tu. Connecticut iliendelea na kanisa lake rasmi mpaka 1818, na Massachusetts mpaka 1833.

Kilichofuata ndicho kilichoijenga Marekani tunayoiona. Kanisa lisilolishwa na serikali lililazimika kujilisha lenyewe: kutafuta waumini, kuwaimbisha, kuwasomeshea watoto, kuwazika. Mchungaji aliyeshindwa kuwashika watu alifunga milango. Ndiyo maana mpaka leo ushirika wa kawaida wa Marekani una mabasi yake, jiko lake, orodha ya simu na kamati zenye watu waliozoea kusimamia mambo. Mwanasiasa akitafuta mahali penye watu waliokwisha kujipanga, anapakuta kanisani.

Mbona basi fedha zao zimeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu?

Maneno hayo yalianza kwenye sarafu mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yalifanywa kaulimbiu ya taifa mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, miaka miwili baada ya maneno ya kumtaja Mungu kuingizwa kwenye kiapo cha bendera ambacho watoto husema shuleni. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na viongozi walitaka kujipambanua na Wakomunisti wa Moscow. Mahakama zimeyaacha maneno hayo hadi leo.

Rais lazima aape kwa Biblia?

Si lazima. Katiba inamruhusu kuapa au kuthibitisha bila kiapo cha dini. Theodore Roosevelt alipoapishwa kwa dharura mwaka 1901, baada ya McKinley kuuawa, hakutumia Biblia, na urais wake haukupungukiwa na kitu.

Ni kweli watoto wamekatazwa kusali shuleni?

Si kweli, ingawa wanasiasa wengi hulisema hivyo majukwaani. Kilichokatazwa ni serikali kuwasalisha watoto. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sala fupi iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York haiwezi kuongozwa na shule ya umma, na mwaka uliofuata ikazuia usomaji rasmi wa Biblia. Mwanafunzi anayeinamisha kichwa kabla ya mtihani hakukatazwa na hukumu hizo.

Kwa nini jambo hili lina uzito huo? Kwa sababu ukishasema shule isome Biblia, swali la pili ni Biblia ipi. Philadelphia waliliona hilo mwaka 1844. Shule za umma zilisoma tafsiri ya Kiprotestanti. Wakatoliki, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, wakaomba watoto wao waruhusiwe kusoma ya kwao. Uvumi ukaenea kwamba wanataka kuiondoa Biblia shuleni. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, na makanisa mawili ya Kikatoliki, Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Augustino, yakachomwa moto. Wakristo waliwachomea Wakristo wenzao makanisa, katika mji uliokuwa na sifa ya uvumilivu wa dini tangu enzi za mwanzilishi wake.

Kesi ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya bendera. Mwaka 1935, katika mji mdogo wa Minersville, Pennsylvania, watoto wawili wa familia ya Mashahidi wa Yehova, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 10, walikataa kupiga saluti ya bendera kwa kuwa kwao hiyo ilikuwa ibada ya sanamu. Wakafukuzwa shule. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliwapa kisogo kwa kura nane dhidi ya moja. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walishambuliwa sehemu nyingi nchini, na huko Kennebunk, Maine, jumba lao likachomwa. Mahakama ikajitazama upya. Tarehe 14 Juni 1943, siku yenyewe ya kuadhimisha bendera, na vita vya dunia vikiwa bado vinaendelea, ikaigeuza hukumu yake: hakuna afisa, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kumwamuru raia aamini nini au atamke nini. Hoja kama hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa.

Miaka ya karibuni upepo umegeuka. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kocha wa shule ya umma aliyezoea kupiga goti na kusali katikati ya uwanja baada ya mechi. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana likapitisha sheria ya kubandika Amri Kumi katika kila darasa la umma, na wazazi wa dini mbalimbali, wakiwemo wachungaji, wakaenda mahakamani. Ukisikia kesi ya namna hii, kwanza tazama walalamikaji ni akina nani. Mara nyingi utawakuta waumini humo.

Kwa nini Wakristo weupe wa kiinjili wanakipigia kura chama cha Republican kwa wingi hivyo?

Hawa ndio walio karibu na wale ambao sisi tungewaita walokole, ingawa wengi wao ni Wabaptisti wa majimbo ya kusini. Karibu wanane katika kila kumi walimpigia Donald Trump mwaka 2016, 2020 na 2024. Hakuna kundi kubwa la dini lililo imara nyuma ya Warepublikan kuliko hilo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali fulani, kama ubakaji au afya ya mama kuwa hatarini. Mahakama ya Juu ilipohalalisha utoaji mimba nchi nzima tarehe 22 Januari 1973, waliosimama kupinga mara moja walikuwa hasa Wakatoliki. Mwaka 1976 Wakristo wengi wa kiinjili walimpigia Jimmy Carter, Mdemokrati, Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili.

Nini kiliwageuza? Mambo mawili yalikwenda sambamba, na anayekueleza moja akaficha jingine hakutendei haki. La kwanza ni shule. Baada ya mahakama kuvunja ubaguzi katika shule za umma, kusini kulizuka shule nyingi binafsi za Kikristo ambazo wanafunzi wake walikuwa weupe. Mamlaka ya kodi ikaanza kuzinyang'anya msamaha wa kodi zile zenye ubaguzi. Chuo Kikuu cha Bob Jones cha South Carolina, kilichowakatalia wanafunzi Weusi mpaka mwaka 1971 na kisha kikakataza uchumba wa rangi tofauti, kilipoteza msamaha wake, kikaenda mahakamani na kushindwa mwaka 1983. Wachungaji wengi waliona serikali imeingia uani kwao. La pili ni familia: mimba, ndoa, talaka, mafundisho ya shule. Katika hilo hasira yao ilikuwa ya kweli na ya kina, na haikuwa kisingizio.

Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alianzisha kundi la Moral Majority ili kuwaandikisha waumini kupiga kura. Agosti 1980 Ronald Reagan alisimama Dallas mbele ya maelfu ya wachungaji akawaambia anajua wao hawawezi kumuunga mkono rasmi, lakini yeye anawaunga mkono wao. Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili, akashindwa na mtu aliyewahi kutalikiana na mke. Hapo mapatano yalifungwa: waumini watoe kura, chama kiwape majaji wanaowataka. Ilichukua miaka zaidi ya 40 kuyalipa. Trump aliteua majaji watatu wa Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Juni 2022 haki ya utoaji mimba ya kikatiba ikafutwa, suala likarudi majimboni.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Wiki chache baadaye, Agosti 2022, wapiga kura wa Kansas, jimbo la kihafidhina lenye makanisa kila kona, walikataa kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yao. Ohio nao wakaulinda mwaka 2023. Waumini wengi husikiliza mahubiri, kisha hupiga kura kwa akili zao.

Mbona Wakristo Weusi, wenye Biblia ile ile, wanakipigia chama cha Democratic?

Swali hili ndilo linalobomoa dhana kwamba Ukristo una chama. Waumini Weusi husali kwa wingi kuliko Wamarekani weupe, na katika mambo ya ndoa na maadili wengi wao ni wahafidhina. Bado zaidi ya wanane katika kumi huwapigia Wademokrati. Tofauti haimo katika maandiko. Imo katika yale ambayo ushirika umepitia.

Kanisa lilikuwa mahali pekee ambapo Mmarekani Mweusi angeweza kuwa mwenyekiti, mhasibu au msemaji bila ruhusa ya mzungu. Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha Philadelphia ushirika wa Bethel mwaka 1794, na mwaka 1816 dhehebu zima la African Methodist Episcopal, baada ya Weusi kuchoka kubaguliwa ndani ya kanisa la weupe. Shule, vyuo, vyama vya kuzikana, magazeti, vyote vilikuwa na mizizi humo.

Tazama jinsi mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ulivyoendeshwa. Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumpisha mweupe kiti ndani ya basi, alikamatwa Desemba 1, 1955. Jioni ya tarehe 5 watu walifurika kanisa la Wabaptisti la Holt Street, na mchungaji wa miaka 26 aliyekuwa mgeni mjini, Martin Luther King, akapewa kazi ya kuongoza. Hotuba tunaikumbuka, lakini mgomo uliponea kwenye usafiri. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao akina mama waliofua na kupika majumbani mwa weupe, walipaswa kufika kazini kila asubuhi bila kupanda basi. Kamati zikapanga vituo na zamu za madereva. Magari makubwa yakanunuliwa kwa michango na kuandikishwa kwa majina ya makanisa, watu wakayaita makanisa yanayotembea. Wapinzani wakabana upande wa bima, kampuni za hapo zikafuta mikataba, mpaka bima ikapatikana London kwa Lloyd's. Mikutano ya sala ilihama kanisa hadi kanisa, na sadaka ya usiku ikawa petroli ya kesho. Nyumba ya King ilipigwa bomu Januari 1956. Watu walitembea kwa miguu na kupeana lifti kwa siku 381, na Mahakama ya Juu ikavunja ubaguzi katika mabasi hayo.

Kwa kuwa kanisa lilikuwa ngome, likawa pia shabaha. Tarehe 15 Septemba 1963 bomu liliua wasichana wanne katika kanisa la Sixteenth Street, Birmingham, Jumapili asubuhi. Tarehe 17 Juni 2015, Charleston, kijana mweupe aliketi na waumini Weusi wa kanisa la Emanuel kwenye somo la Biblia, wakamkaribisha, kisha akaua tisa. Mmoja wao alikuwa mchungaji wao Clementa Pinckney, aliyekuwa pia seneta wa jimbo. Nikiandika mistari hii nashindwa kuipita haraka. Walikuwa wamemfungulia mgeni Biblia.

Weusi waliowahi kuruhusiwa kupiga kura walikuwa zamani upande wa Republican, chama cha Lincoln, rais wa enzi ya kukomesha utumwa. Walianza kuhama miaka ya 1930, na sheria za haki za kiraia za 1964 na 1965, zilizosainiwa na Mdemokrati Lyndon Johnson, zikamaliza kazi. Leo makanisa mengi ya Weusi hupanga mabasi ya kuwapeleka waumini kupiga kura ya mapema wakitoka ibadani Jumapili. Georgia ilipokuwa ikirekebisha sheria za uchaguzi mwaka 2021, rasimu moja ilitaka kubana kura ya Jumapili. Makanisa yakasimama, na kipengele hicho hakikupita. Seneta Raphael Warnock wa jimbo hilo hilo bado ni mchungaji wa Ebenezer, Atlanta, kanisa alilohudumu King.

Wakatoliki wako upande gani?

Wamegawanyika, ndiyo maana kila mgombea huwabembeleza. Mwaka 1928 Al Smith, mgombea Mkatoliki, alishindwa urais katika kampeni iliyojaa vitisho kwamba Papa angetawala Washington. Mwaka 1960 John Kennedy, naye Mkatoliki, alilazimika kwenda Houston kuwahakikishia wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hapokei amri kutoka Roma. Leo hofu hiyo imekufa kiasi kwamba majaji sita kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ni Wakatoliki, Rais wa zamani Biden ni Mkatoliki, na Makamu wa Rais Vance aliingia kanisa hilo mwaka 2019.

Maaskofu wao hawaingii vizuri katika chama chochote. Katika utoaji mimba wako na Warepublikan. Katika uhamiaji wako mbali nao: Novemba 2025 baraza la maaskofu lilitoa ujumbe wa pamoja wa kupinga watu kufukuzwa nchini kwa halaiki bila kuchagua.

Mchungaji au imamu anaruhusiwa kumpigia debe mgombea?

Tangu mwaka 1954 sheria inasema taasisi yenye msamaha wa kodi isimuunge mkono wala kumpinga mgombea. Kuhubiri juu ya umaskini, mimba, vita au wahamiaji ni ruksa, na kuandikisha wapiga kura bila kuegemea upande ni ruksa. Adhabu lakini imekuwa nadra mno. Mfano unaotajwa siku zote ni wa kanisa moja la New York lililonyang'anywa msamaha kwa kununua matangazo ya gazeti dhidi ya Bill Clinton mwaka 1992. Julai 2025 mamlaka ya kodi yenyewe ilikwenda mbele ya mahakama ya Texas ikapendekeza kwamba kiongozi wa dini anayezungumza na waumini wake ibadani kuhusu uchaguzi asihesabiwe amevunja sheria. Binafsi naona hatari iko upande wa fedha: michango ya kampeni ikijifunika kanzu ya sadaka, nani ataihesabu?

Waislamu wana nafasi gani?

Wako tangu mwanzo. Kati ya Waafrika waliopelekwa utumwani walikuwemo wasomi wa Kiislamu; Omar ibn Said, aliyeshikwa utumwa North Carolina, aliandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831. Katika Bunge ndiyo walichelewa. Keith Ellison wa Minnesota, wa kwanza kuchaguliwa, aliapa Januari 2007 akishika nakala ya Qurani iliyokuwa mali ya Jefferson.

Wawili wanaofuata wanatugusa. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia, aliishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Utango, Mombasa. Alipochaguliwa mwaka 2018, Bunge la Wawakilishi lilibidi lirekebishe kanuni ya tangu 1837 iliyokataza kuvaa kofia ukumbini, ili aingie na hijabu yake. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, alichaguliwa meya wa New York Novemba 2025 na kuapa kwa Qurani. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Usiwahesabu Waislamu kama kura ya chama kimoja. Baada ya Septemba 11 walihamia kwa Wademokrati, lakini mwaka 2024, kwa hasira ya vita vya Gaza, mji wa Dearborn, Michigan, wenye Waarabu wengi, ulimpa Trump kura nyingi kuliko Kamala Harris.

Siasa hizi za dini zinatuhusu nini Afrika Mashariki?

Zinafika mpaka dirisha la dawa la zahanati.

Mwaka 1984 serikali ya Reagan ilitangaza kwamba shirika la nje linalotoa au kutetea huduma za utoaji mimba lisipewe fedha za Marekani za uzazi wa mpango. Tangu hapo kila rais Mdemokrati huifuta kanuni hiyo na kila Mrepublikan huirudisha. Ilirudi tena Januari 2025. Kliniki ya Kenya au Uganda inaweza kupoteza bajeti kwa sababu ya kura za Pennsylvania.

Lakini mkono ule ule ulileta PEPFAR. Januari 2003 George W. Bush aliliomba Bunge dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya UKIMWI, na Wakristo wa kiinjili walikuwa miongoni mwa waliomsukuma. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa katika nchi za kwanza kunufaika. Sheria ilibeba masharti yao pia: theluthi ya fedha za kinga ilitengwa kwa kuhimiza kujizuia mpaka ndoa, sharti lililolegezwa mwaka 2008. Wapo watu wengi hai leo, wanakunywa dawa zao na kulea watoto, kwa sababu waumini wa mbali waliona ni wajibu wao. Hilo nalisema kwa shukrani kamili. Na nalisema pia kwa wasiwasi, kwa sababu mwaka 2023 mpango huo huo ulikwama bungeni kwa mabishano ya utoaji mimba, ukaongezewa mwaka mmoja tu badala ya mitano ya kawaida, na mwanzoni mwa 2025 misaada ya nje ikasimamishwa ghafla. Dawa ya mtu isingepaswa kuning'inia kwenye hoja za watu wasiomjua.

Kisha kuna wakimbizi. Hadi mwanzoni mwa 2025, mengi kati ya mashirika kumi yaliyopewa kazi na serikali ya Marekani kuwapokea yalikuwa ya kidini: ya Kikatoliki, Kilutheri, Kiepiskopali (ndio Waanglikana wa Marekani), Kiinjili, Kiyahudi. Kwa miaka kadhaa Wakongo waliongoza kwa idadi ya waliopokelewa, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na aliyewasubiri uwanja wa ndege na makoti ya baridi mara nyingi alikuwa mtu wa kanisa. Januari 2025 upokeaji ulisitishwa. Aprili mwaka huo maaskofu Wakatoliki walitangaza kumaliza ubia wao wa muda mrefu na serikali, na Mei Kanisa la Kiepiskopali likajiondoa lilipotakiwa kuwapokea Waafrika Kusini weupe waliopewa kipaumbele.

Wasio na dini wanaongezeka. Je, dini itapoteza nguvu siasani?

Sioni hivyo kwa karibuni. Wasio na dini ni wengi lakini hawana mahali wanapokutana kila wiki, hawana kamati wala basi. Watu wachache waliojipanga huwashinda wengi waliotawanyika. Kinachonitia shaka ni kingine: vijana wengi husema wameliacha kanisa kwa sababu waliona limegeuka tawi la chama.

Nikihamia Marekani, kanisa au msikiti wangu utaniingiza kwenye siasa?

Huenda, na mara nyingi kwa wema. Katika miji mingi iliyopokea Wakongo kuna ibada za Kiswahili, na humo utasaidiwa kutafuta kazi, kujaza fomu, hata kupata mwanasheria. Jambo moja tu ulishike: kwenye ukumbi wa kanisa unaweza kukuta meza ya kuandikisha wapiga kura, na kijana mkarimu akakupa kalamu. Kama bado hujawa raia, usisaini fomu hiyo, hata ukiwa na kibali cha kudumu cha ukaazi. Kujitangaza raia ilhali si raia kunaweza kukufungia mlango wa uraia au kukufanya ufukuzwe nchini, na kusema hukuelewa Kiingereza hakutakuokoa. Mwambie kijana huyo bado unasubiri uraia, kisha umuulize ni wapi wanasaidia kujaza maombi yake. Mara nyingi ni chumba cha pili tu.